Mwaka Niliosimama Upande wa Chini

Ramadhani alifariki alfajiri, na ilipofika saa nne asubuhi nilikuwa nimeshafika kwake, kule juu ya Soni, nimekalishwa kwenye benchi barazani pamoja na wazee wenzangu. Miguu yangu ilikuwa imeziba njia kiasi kwamba kila aliyepita na sufuria ilimbidi aombe radhi. Nimezoea. Maisha yangu yote miguu yangu imekuwa ikiombwa radhi au ikiomba. Ndani wanawake walikuwa wanalia kwa sauti ya chini, nje vijana wanamenya viazi vya kuwapikia watu, na kama ilivyo kwenye misiba yetu, pole zilipokwisha watu wakaanza kuzungumza mambo mengine. Vijana walikuwa wanabishania ngumi. Walikuwa wameona pambano kwenye televisheni, jitu moja refu limepigwa na mtu anayelifikia kifuani, na sasa wamegawanyika. Mmoja akasema mrefu ana mikono mirefu, anakupiga wewe hujamfikia, basi, maneno yamekwisha. Mwingine akasema jitu kubwa linachoka upesi na kila kiungo chake kiko mbali na mwenzake, kichwa kikitoa amri miguu inaipata kesho. Wakacheka. Mjukuu wangu Danieli, mwenye miaka kumi na tisa na aliyekwisha kunikaribia kwa urefu, hakucheka, kwa sababu yeye anajifunza ngumi pale Lushoto na kila siku anaambiwa urefu wake utamfikisha mbali. Akanigeukia. "Babu, si wewe ulipigana? Waambie basi."

Nikamwambia aniache, nimekuja kuzika. Lakini Hemedi, mtoto mkubwa wa marehemu, akaweka kisu chini akasema, "Baba mkubwa, waambie tu. Baba angekuwepo angeshawaambia mwenyewe, na chumvi angetia." Ni kweli, Ramadhani alikuwa fundi wa chumvi. Kila alipoisimulia habari yetu mimi niliongezeka inchi mbili, hadi mwisho nikawa natisha. Kwa hiyo nikawaambia pale barazani kwa kifupi, na hapa naiandika kwa kirefu, kama ilivyokuwa, bila inchi za Ramadhani. Habari za ukoo nitaziruka. Mtu wa milimani ukimwacha aanze na babu yake, jua litazama yeye mwenyewe hajazaliwa.

Mwaka ninaousema ulikuwa miaka mitatu baada ya Azimio. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, urefu wangu futi sita na inchi saba, na nilifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha mbao ukingoni mwa msitu wa Magamba. Tulilala wanane katika chumba cha mabanzi ambamo ukungu uliingia bila kubisha hodi. Kitanda changu kilikuwa sawa na vya wenzangu, kwa hiyo miguu niliilaza juu ya kasha la misumari nililolifunika gunia, na mpaka leo nikilala kitanda kirefu nahisi kuna kitu kimepungua. Chakula kilikuwa makande, Jumatatu hadi Ijumaa, makande, na Jumamosi ugali na nyama. Mpishi alikuwa na tabia ya kuniongezea upawa mmoja, na upawa ule ulizua mjadala uliodumu miezi. Katibu wetu wa tawi alisema katika siasa ya Ujamaa watu wote ni sawa, hivyo na sahani ziwe sawa. Mzee mmoja wa kusukuma magogo akamjibu, "Sawa ya sahani au sawa ya tumbo? Huyu ukimpa sahani yako, nusu inaishia njiani." Mimi nilikuwa nakula kimya, naona aibu, lakini upawa sikuurudisha.

Kitu kilichoniumiza si maneno. Ni matumizi. Tangu utotoni nilikuwa mtu wa kutumwa juu. Karabai ikitaka kutundikwa, Yoeli. Picha ya Rais ikipinda ukutani, Yoeli. Paka wa msimamizi kapanda kwenye kenchi, jamani mwiteni Yoeli. Nilichoka kuwa ngazi. Nilitaka mara moja tu nijulikane kwa jambo nililolifanya, si kwa mahali kichwa changu kilipofika, na nilikitaka kitu hicho kwa hamu ambayo sikumwambia mtu.

Basi siku moja akaingia kantini Mzee Zakaria, mnoaji wetu wa misumeno. Alikuwa askari katika vita vya Burma, na huko, alisema, alipigana ngumi mbele ya majenerali. Akasimama mbele ya meza yangu, akanitazama kuanzia kiatuni kwenda juu, polepole, kama mtu anayepima gogo. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akasema, "Marahaba. Simama." Nikasimama. "Nyoosha mkono." Nikanyoosha, kofia ya mtu wa meza ya pili ikaanguka. Zakaria akawageukia watu wote. "Saba Saba kutakuwa na ngumi pale Lushoto. Atakayeshinda uzito wa juu anakwenda Tanga, kambini, kugombea nafasi kwenye timu ya mkoa. Huyu hapa ndiye atakayekwenda. Nani atamfikia?" Kantini nzima ikapiga meza. Mimi nilikuwa sijawahi kumpiga mtu yeyote, lakini usiku ule miguu yangu juu ya kasha ilikuwa ya mtu wa timu ya mkoa.

Tatizo lilikuwa mahali pa kufanyia mazoezi. Nani asiyejua milima yetu? Kila kipande tambarare kimekwisha kupata mwenyewe. Uwanja wa kiwanda ndio pekee uliokuwa sawasawa, na mwaka ule ulijaa mbao za kujengea shule za vijiji vipya, zimepangwa hadi usawa wa paa. Kwa hiyo Zakaria alitupeleka kwenye majani nyuma ya nyumba yake, pahali pa mteremko ambapo ng'ombe mwenyewe hula ameegemea. Wenzangu wa kupigana nao walikuwa wawili, vijana wa msumeno, na siku ya kwanza walilalamika hawafiki usoni kwangu, wanapiga kitovu tu. Zakaria akafikiri. Kwetu mtu mrefu akizungumza na mkubwa wake njiani humwachia upande wa juu, ili mkubwa asivunjike shingo kumtazama. Ni adabu ya kawaida, hata watoto wanaijua. Zakaria akafanya vilevile. "Nyie pandeni juu. Yoeli, shuka chini. Haya, sasa mmelingana." Na kweli, tukawa tumelingana, uso kwa uso, safi kabisa. Miezi mitatu nilisimama upande wa chini, mkono wangu wa kushoto ukienda mbele moja kwa moja, pa, pa, usawa wa bega langu, na kila mara ulikuta pua ya mtu. Nikawa mzuri. Nisiwe mnafiki, nilikuwa mzuri sana. Watu walikuja kututazama. Hata lori la kabichi lililoleta mboga za kantini lilisimama siku moja barabarani chini yetu, na wapakuaji wakakaa juu ya magunia wakituangalia mpaka mazoezi yakaisha. Nilijisikia fahari nikaongeza mbwembwe.

Baada ya mazoezi tulikula jikoni kwa Mama Neema, mke wa Zakaria. Jiko lile lilikuwa na boriti ya chini iliyonijua kwa jina. Kila siku niligonga kichwa, na kila siku Mama Neema alisema, "Pole, boriti," akanipa viazi vitamu na maziwa mgando. Jioni moja nilikuwa nje nanawa, nikawasikia wanazungumza ndani kwa Kishambaa. Zakaria alikuwa anamwambia, "Huyu mtoto ni mti. Hana haja ya kukwepa. Atasimama tu, mwenzake achoke kumfikia." Mama Neema akachochea moto. "Nyie pale kiwandani miti mnaikatia wapi? Juu?" Zakaria akacheka, akamwambia wanawake hawajui ngumi. Na mimi, mpumbavu, nikacheka huko nje pamoja naye, maji yananitiririka viwikoni.

Wiki moja kabla ya Saba Saba tulishuka Soni kupimwa uzito, maana mizani ya maana ilikuwa pale sokoni, ile ya kupimia viazi na kabichi. Hapo ndipo nilipomwona Ramadhani mara ya kwanza. Alikuwa mpakiaji wa magunia, na sijaona tena mtu aliyekuwa mpana kiasi kile kwa ufupi kiasi kile. Kabati. Alipopanda mizani karani akasogeza jiwe, akalisogeza tena, akasema, "Kilo themanini na nane. Wewe zote umezificha wapi?" Mimi nikawa tisini na moja. Kilo tatu tu kati yetu, na futi moja na zaidi ya hewa. Ramadhani akainua uso, akaniangalia kwa utulivu wa mtu anayesoma tangazo, akaniuliza, "Kaka, huko juu kuna baridi?" Soko zima likaangua kicheko. Nikamjibu, "Njoo Saba Saba nikupandishe uone mwenyewe." Nikapigiwa makofi, nikarudi Magamba nimevimba kichwa.

Saba Saba ikafika. Hotuba, ngwaride la vijana, kwaya ya usharika wetu na kaswida ya madrasa zikipokezana, halafu ngumi. Ulingo ulikuwa kamba nne kwenye uwanja wa mpira wa Lushoto, na uwanja ule, mtaniwia radhi kwa kusema jambo lililo wazi, ni tambarare. Kengele ilipolia nilitoka na kushoto kwangu, pa, usawa wa bega, pahali pake palepale pa kila siku. Hapakuwa na mtu. Ngumi ilipita juu ya nywele za Ramadhani kama mkono wa mtu anayefukuza nzi. Nikapiga tena, hewa. Nikapiga kulia, hewa. Yeye alikuwa huko chini, kwenye mbavu zangu, anafanya kazi yake bila haraka, kama anapakia lori. Watu walicheka. Mwanzoni walicheka kidogo, kisha wakacheka mpaka wanashikana, na nilimsikia mtu wa kwetu, wa kwetu kabisa, akipiga kelele, "Yoeli, karabai iko chini leo!" Ngumi za Ramadhani ziliuma, lakini ile sauti ndiyo iliyoingia ndani.

Raundi ya pili aliniangusha. Sijui alinipiga nini, najua tu niliona majani karibu sana na nikashangaa yalivyo sawasawa, hayakuinamia upande wowote. Hapo ndipo nilipofahamu. Kumbe dakika zote zile miguu yangu ilikuwa inatafuta mteremko. Nilikuwa nimejifunza kumpiga mtu aliyesimama juu yangu, na hapa hapakuwa na juu. Nikainuka kwa hesabu ya nane, kengele ikaniokoa, nikamwambia Zakaria kwenye kona, "Mzee, mbona yuko chini?" Nilimwona usoni. Alitazama uwanja, akatazama miguu yangu, akatazama uwanja tena. Mtu aliyevuka bahari, aliyepigana mbele ya majenerali, alikuwa ameusahau utambarare kwa sababu ya kuishi Magamba. "Inama," akasema kwa sauti ndogo. "Inama, mwanangu."

Lakini kuinama mgongo ni kumpelekea mtu kichwa mkononi, hilo nililijua hata mimi. Nikakumbuka kazi. Kila siku kiwandani nilibeba magogo na watu wafupi. Kwenye tambarare nilikunja magoti ili gogo lilale sawa kwenye mabega yetu sote, la sivyo uzito wote unawaendea wao. Tukishuka mlima nilipewa mbele, upande wa chini, nikanyooka, na gogo likalala sawa vilevile. Mwili wangu ulikuwa unajua haya yote. Hakuna aliyeuuliza. Basi raundi ya tatu nilitoka nimekunja magoti, mgongo wima, kama nimebeba, na kushoto kwangu kukampata Ramadhani kwenye paji la uso, pa. Akashtuka. Nikampiga tena. Kicheko kikakatika uwanja mzima, na kwa dakika zile tatu, nasema bila kujisifu, au nikijisifu kidogo tu, nilikuwa bondia. Sikumwona mtu mwingine duniani isipokuwa yule kabati, na yeye hakuniona ngazi.

Nilishindwa kwa pointi. Raundi mbili ni mbili. Wakamwinua mkono Ramadhani, Tanga ikawa yake, na mimi nikapanda lori kurudi Magamba nimekaa juu ya turubai, nikalia waziwazi mbele ya watu, sikujali. Jikoni kwa Mama Neema boriti ilinigonga kama kawaida, naye siku ile hakuipa pole. Akaniwekea chakula. Zakaria alikaa karibu na moto, kofia magotini, akasema, "Yoeli, kosa si lako. Mimi ndiye niliyekuweka chini." Sijawahi kumsikia mzee wa rika lile akimwomba kijana radhi, kabla ya siku ile wala baada yake. Nilimpenda sana, na nikamwambia tu, "Hapana neno, mzee."

Wiki moja baadaye, mchana, nani anasimama mlangoni pa kantini? Ramadhani, jicho moja bado limevimba kwa ile raundi ya tatu. Akasalimia watu wote, akaja mezani kwangu. "Kaka, nina shida. Naambiwa huko Tanga wapinzani wangu wote ni warefu, makuli wa bandarini. Sina mrefu wa kufanyia mazoezi isipokuwa wewe. Nina wiki tatu." Nikamtazama nikidhani ananitania. Hakuwa anatania. Hata katibu wa tawi aliacha kutafuna. Nikamuuliza, "Kwa nini nikusaidie uende mahali pangu?" Akasema, "Sijui. Mimi ningekuwa wewe nisingekubali." Nikapenda jibu lile. Nikakubali, kwa sharti moja, tufanyie mazoezi mahali tambarare.

Aliposikia neno tambarare alicheka vibaya sana, cheko la mtu mwenye siri. Tulikwenda kwenye uwanja wa shule ya msingi, watoto wakiwa wamekwenda nyumbani, na kabla hatujavaa glavu akasema, "Subiri, nikuambie kabisa, nisije nikala chakula chako na jambo moyoni. Lile lori la kabichi, unalikumbuka? Mimi nilikuwa juu ya magunia. Niliwatazama mkifanya mazoezi. Nikaona mwalimu wako amekuweka chini kila mara, mkono wako unakwenda palepale kila mara. Nikajua uwanja wa Lushoto hauna chini. Nilicheka kutoka hapo mpaka Soni, dereva akafikiri nimelewa." Hasira ilinipanda kutoka vidoleni, na kwa mwili wangu ni safari ndefu. Nikakunja magoti nikampiga ngumi moja ya kweli, bila glavu, kwenye bega, akakaa chini vumbini. Akabaki pale amekaa, akanitazama kwa lile jicho zima, akasema, "Ehee! Hiyo ndiyo uliyotakiwa kuja nayo Saba Saba." Sasa mtu kama huyo utamchukia kwa njia gani? Nikampa mkono nikamwinua.

Wiki tatu tulipigana kila alasiri, mimi nikimfundisha kuingia chini ya mikono mirefu, yeye akinifundisha mwenye mikono mirefu anavyoweza kumzuia mtu asiingie. Tanga alikuwa wa tatu, akarudi kwenye magunia yake. Mwaka uliofuata Saba Saba nilishinda mimi, nikaenda Tanga mimi, na kwenye kona yangu alikaa Zakaria upande mmoja na Ramadhani upande wa pili, wakigombana nani anishikie maji. Karabai niliendelea kutundika, lakini sasa waliniomba, "Bondia, tusaidie," na tofauti ya maneno hayo mawili anaijua aliyewahi kuwa ngazi. Miaka mingi tuliyotembea pamoja, sokoni, misibani, harusini, Ramadhani alishika upande wa juu wa njia na mimi wa chini, na tukazungumza macho kwa macho. Tukifika tambarare alikuwa anasema, "Haya, tumetengana tena."

Kwa hiyo nikawaambia vijana wale wa viazi, na sasa namwambia yeyote anayeuliza: urefu unasaidia. Asiyeukubali hajawahi kupigwa na mkono asioufikia. Lakini mwili mkubwa hukupa imani ya bure, na wanaokupenda nao wanaiamini, wanakupanga mahali pazuri pa kushindia, mpaka siku moja unakutana na mahali penyewe. Danieli alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Akaniuliza, "Kwa hiyo, babu, nifanyeje?" Nikamwambia akunje magoti, na asimwamini mwalimu anayemsifu kila siku. Wazee wakacheka, Hemedi akafuta macho, na hapo tukaitwa, maiti ilikuwa imekwisha kuoshwa.

Walimsalia msikitini baada ya adhuhuri, mimi nikisubiri nje na Wakristo wenzangu, kisha jeneza likatoka. Makaburi yao yako chini ya migomba, na njia ya kwenda huko ni mteremko ule ule wa nyumba zetu zote, mvua imeulainisha. Vijana walilipokea jeneza kwa haraka, wanapokezana kama ilivyo desturi, lakini waliokuwa mbele walikuwa wafupi, watoto wa Ramadhani wamerithi kabati lake, na kila hatua mbele ikazama. Nililiona shuka la juu likianza kuteleza kuelekea chini. Nikapenya katikati ya watu. "Nipeni mbele." Hemedi akasema, "Baba mkubwa, acha, umri huo. Sisi tupo." Nikasema, "Nipeni mbele, na Danieli upande wa pili. Nyie nendeni nyuma." Labda ni sauti niliyoitoa, maana walipisha. Nikaingiza bega langu, mjukuu wangu akaingiza la kwake, na mgongo wangu, ambao siku hizi unaniangusha hata kwenye kufunga viatu, nikaunyoosha wote, kila inchi niliyobakiwa nayo. Danieli kwa mazoea mapya akaanza kukunja magoti. "Usikunje," nikamwambia. "Hapa nyooka."

Tulishuka hivyo, polepole, watu wakitaja jina la Mungu nyuma yetu. Katikati ya mteremko nikamsikia Hemedi, kutoka upande wa juu, akisema kwa sauti iliyokuwa inakatika, "Limelala sawa, baba mkubwa. Limelala sawa kabisa." Sikuweza kugeuka, lakini sikuhitaji kutazama. Nilikuwa upande wa chini, Ramadhani yuko juu, na tulikuwa tumelingana.